Orlando na Wauza Vitabu

Novemba 1928, hakimu wa London aliamuru riwaya ya Radclyffe Hall, The Well of Loneliness, iteketezwe, kosa lake wanawake kupendana. Ililia mno, ndilo lililoiponza. Mwezi uliotangulia Virginia Woolf alikuwa ametoa Orlando: bwana mkubwa analala mwanamume, anaamka mwanamke, anajitazama kwenye kioo, huyoo, kuoga. Serikali kimya. Bila shaka ilikuwa inacheka.

Akirudi kwao, mbwa anamtambua, watumishi wanamtambua. Wanaohangaika ni mawakili, si unajua, kuna jumba na mashamba. Na nje ya hadithi, wauza vitabu: Woolf kakiita kitabu wasifu, basi hakitoki rafu ya wasifu! Mtu kugeuka mwanamke, hewala. Riwaya kuhamia kwa riwaya wenzake, hilo wakakataa katakata.