Presha ya Saa Mbili Usiku

Sikwenda Sabasaba kupima presha. Hilo lieleweke mapema. Nilikwenda kwa sababu jirani yangu alirudi na kofia ya bure, fulana ya bure na kalamu mbili, nikasema kwani mimi nina damu ya kunguni? Nikapanda daladala kutoka Mbagala, nikashuka pale Barabara ya Kilwa, nikalipa kiingilio, nikaona foleni. Mbongo akiona foleni haulizi, anaunga. Nikaunga. Walio mbele yangu wanakunja mikono ya mashati, mimi nadhani ni joto.

Kufika mbele, binti wa watu kavaa koti jeupe. "Shikamoo baba. Vua viatu, panda mzani."

Hapo ndipo nilipojua kofia sipati. Kutoka kwenye foleni ni aibu, nyuma yangu kuna watu kama ishirini wananisukumia pumzi shingoni. Kuvua viatu nako ni aibu, soksi ya kushoto kidole gumba kinachungulia kama mtoto dirishani. Nikachagua aibu ya soksi. Nikapanda. Binti akamtangazia mwenzake anayeandika, sauti ile ile ya konda anayeita abiria: "Tisini na naneee!" Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja akasema, "Mashallah." Sidhani kama alikuwa anasifia.

Wakapima urefu, wakabonyeza kikokotoo. "Thelathini na nne nukta saba," akasema. Nikafurahi, ndugu yangu. Mimi kwenye hesabu tangu niko darasa la nne sijawahi kuvuka ishirini. Nikauliza huku nacheka, mwisho ngapi? Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni njia ya kwenda stendi, kwamba mwenye uzito wa kawaida hafiki 25, na ukishagusa 30 hicho ni kiribatumbo. Kwa hiyo nimefaulu kiribatumbo, tena na ziada.

Tukaja kwenye presha. Mkanda ukanibana mkono, mashine ikaguna, ikaandika 158 kwa 96. Akasema inayotakiwa ni kama 120 kwa 80, na kuanzia 140 kwa 90 ndipo wanaanza kukutazama vizuri. "Kaa pale dakika tano baba, tulia, tutarudia."

Nikatulia kama ninavyojua kutulia. Nikatoa simu. Nikafungua habari. Vita huku, mafuriko kule, petroli hivi, timu yangu nayo imefungwa na timu ambayo uwanja wake una ng'ombe. Dakika tano zikaisha. Mkanda tena. 164 kwa 98.

"Baba, ulikuwa unafanya nini pale?"

"Nilitulia. Nilikuwa nasoma habari."

Akanitazama kwa huruma. Akauliza, na nyumbani unakula saa ngapi? Nikasema saa mbili usiku, na taarifa ya habari, kama watu wote. Akashusha kalamu. Ndipo nikapewa masharti ambayo hata mganga wa kijijini kwetu hajawahi kutoa. Tivii izimwe wakati wa kula. Simu iwekwe mbali. Tonge litafunwe mara nyingi, taratibu, nisikie ladha, niusikilize mwili. Eti tumbo likishashiba, ubongo unachelewa kupata taarifa, dakika kama ishirini hivi. Dakika ishirini! Umbea wa mtaani kwetu unakwenda na kurudi mara tatu. Mimi ndani ya dakika ishirini nimekula, nimenawa, nimeuliza kama ukoko upo na nimeanza kusinzia.

Halafu chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Nitembee nusu saa, siku tano za wiki. Na niende kituo cha afya nikapimwe tena siku nyingine, kwa kuwa presha haihukumiwi kwa siku moja. Nikatoka na karatasi. Kofia hakuna.

Njiani nikawa nabishana na yule binti kichwani, maana mbele yake nilikuwa mpole kama kuku wa mvua. Ananiambia niache habari. Sasa mimi, ukinifuatilia vizuri, sijawahi kula kwa adabu kwa hiari yangu hata siku moja. Kila nilipowahi kuwa na afya, ni habari mbaya iliyonishika mkono.

Angalia 2022. Vita vya Ukraine vikaanza, mimi nikasema hayo ni ya wazungu. Kumbe ile nchi ndiyo inalima alizeti kuliko sisi na Singida yetu yote. Mafuta ya kula yakapanda, dukani Mangi akaanza kuyauza kwa kikombe huku ameshikilia chupa kama ameshika mtoto mchanga. Nyumbani Mama Rehema akafuta maandazi. Viazi vikachemshwa. Samaki wakachemshwa. Siku moja nilikuta yai limechemshwa, limekaa peke yake kwenye sahani, linaniangalia. Petroli nayo ikapanda, nauli ikafuata, na mimi tarehe zikishafika ishirini na kitu ni mtu wa miguu, natoka Kariakoo mpaka Mtoni kwa Aziz Ally natembea huku najifanya naongea na simu. Suruali zikaanza kunivuka. Watu wakaanza kuninong'oneza kwamba naumwa. Nilikuwa na afya kuliko wakati wowote na nusura wanichangie.

Au mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zikanyesha, miwa ikakwama shambani, viwanda vikashindwa kuzalisha, sukari ikapotea. Mangi akawa anapima robo robo, tena kwa sura ya mtu anayekupa damu. Nikanywa chai ya rangi kavu. Kazini nikawaambia, "Mimi nimeacha sukari, jamani. Afya." Wakaniheshimu. Mhasibu akaniomba ushauri. Sukari iliporudi nikarudi nayo, vijiko vinne kikombe kimoja, na mhasibu hanisalimii vizuri mpaka leo.

Habari njema ndizo zinazonimaliza. Julai mosi 2020 Benki ya Dunia ilitangaza Tanzania imeingia uchumi wa kati. Sikuwa na elimu ya uchumi, nikapokea nilivyoelewa. Mshahara haukusogea. Viatu ni vile vile. Kilichokua kwangu ni hapa kati tu.

Basi. Jumatatu nikaanza masharti. Saa mbili asubuhi niko kwa mama ntilie wangu wa siku zote, pale nyuma ya stoo tunakofanyia kazi. Supu ya makongoro, chapati mbili. Mimi huwa natia chumvi kabla sijaonja, mkono wenyewe unajua njia. Siku hiyo nikausukuma mkebe wa chumvi pembeni. Nikasema, "Leo bila chumvi, dada." Akasimama na upawa hewani. "Kwani supu yangu ya jana ilikuwaje?" Nikasema hapana, ni daktari. Akasema, "Daktari gani anamjua mtu anayekula kwangu kwa mkopo?" Watu wakaacha kunywa. Nikavuta mkebe, nikatia kidogo kulinda amani. Kidogo changu mimi, unakijua.

Kutembea nako kuna hadithi yake. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Rehema, anasubiri matokeo ya kidato cha sita sebuleni kwangu, akaniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua. Akasema lengo ni 10,000 kwa siku. Baadaye ndiyo nikasoma kwamba hiyo namba ilitokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, jina lake likimaanisha kipima hatua elfu kumi, yaani ilianza kama tangazo la biashara. Wakati huo nilikuwa nimeshajiua. Siku ya kwanza nikapata 2,300, na humo nimehesabiwa na kwenda chooni. Siku ya pili nilichelewa kazini, nikachukua bodaboda kupitia njia ya ndani, ile ya mashimo. Kushuka naangalia simu: hatua 4,000! Nimekaa kitako, nimemshika kijana wa watu kiunoni, nimetembea hatua elfu nne. Nikaanza kuipenda ile njia. Yule kijana akaniuliza, "Mzee wangu, mbona kila siku unataka tupite kwenye mashimo?" Nikamjibu, mazoezi. Akapunguza mwendo, akanigeukia. Tangu siku ile nikimpigia simu anasema yuko mbali.

Ila yote hayo ni mepesi. Kazi ilikuwa sinia.

Kwetu tunakula sinia moja. Mimi, Mama Rehema, Rehema mwenyewe, wadogo zake wawili na shemeji. Mikono sita. Ugali wa dona katikati kama kilima, matembele pembeni, vibua wa kukaanga wanahesabika. Jumatatu usiku nikatangaza masharti: tivii inazimwa. Kelele zilizotoka hapo utadhani nimefuta shule. Shemeji akasema yeye anafuatilia habari za matokeo. Tukafanya mazungumzo, tukakubaliana tivii ibaki ila sauti itolewe. Kosa kubwa. Habari isiyo na sauti ni mbaya mara mbili. Waziri anafungua mdomo, anafunga, anakunja uso, na mimi najaza bei mwenyewe. Alikuwa anafungua kongamano la utalii, kwangu tayari dizeli imefika mbinguni.

Nikajikaza. Nikachukua tonge, nikalitia mdomoni, nikafumba macho, nikaanza kutafuna kwa kuhesabu. Moja. Mbili. Na kweli, ladha ipo. Ugali wa dona una utamu fulani wa mbali, sijawahi kukutana nao maana huwa unapita kwangu kwa kasi kama gari la msafara. Kumi. Kumi na moja. Nikasikia na mchanga kidogo wa matembele. Kumi na tisa, nikafumbua jicho moja. Kilima kimekuwa tambarare. Ishirini na tano, vibua wamebaki wawili. Nafika thelathini, nameza kwa heshima zote, narudi siniani nakuta alama za vidole. Mtoto wa mwisho ananawa.

"Baba ameshiba leo," akasema Rehema.

"Anasikiliza mwili," akasema shemeji, na kibua mkononi.

Mwili nilikuwa nausikiliza. Ulikuwa unanitukana. Saa nne usiku nikamwambia Mama Rehema naenda kununua vocha, nikaenda kona kwa kijana wa chipsi, nikala zege peke yangu nimeegemea nguzo, gizani, kama mwizi wa taa za gari. Mayai mawili. Chumvi akaweka yeye, mimi sikugusa mkebe. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano sikuhitaji hata kuagiza, alikuwa ameshavunja mayai aliponiona natokea. Mama Rehema akauliza siku hizi vocha zinanuka mafuta ya kukaangia?

Alhamisi umeme ukakatika.

Ulikatika katikati ya taarifa ya habari, ndiyo kwanza tumenawa. Msomaji habari alikuwa ameanza kutaja bei ya kitu, sikujua kitu gani, akazimika naye. Giza tororo. Simu yangu haina chaji, ya shemeji iko kwa fundi. Mama Rehema akasema mshumaa hakuna, tuleni tu, mdomo haupotei. Tukala. Hakuna habari, hakuna mwanga, watu wanatafuna tu. Nikasema hii ndiyo yenyewe aliyoisema yule binti. Nikatia tonge mdomoni, nikaanza kuhesabu, mapigo ya moyo yako chini, naapa hata mashine ingenipongeza. Ila kabla ya giza nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kibua mmoja mnene upande wa Rehema. Nikafika tisa. Nikawaza, gizani nani anajua? Nikapeleka mkono taratibu, kwa kuzingatia, nikapapasa ukingo wa sinia, nikapita matembele, nikafika.

Nikashika vidole. Vya moto, vina mafuta, tayari vimemshika kibua.

"Baba Rehema," ikasema sauti ya mke wangu gizani, "tafuna kwanza hilo la mdomoni. Bado ishirini na moja."