Sifa za Mtoto wa Paka Anayehara

Huku kwetu Usukumani kila chenye thamani kimeshapata wa kukisifu. Ng'ombe husifiwa na mchungaji machungani na mgombea udiwani jukwaani. Pamba imesifiwa mpaka imechoka. Hata chatu, anayemeza mbuzi wa watu, ana wacheza ngoma wanaomvaa shingoni na kushangiliwa. Amebaki mmoja ambaye katika kata nzima ya Ngulyati sijasikia akitajwa kwa wema: mtoto wa paka aliyeokotwa, macho yamegandana kwa tongo, viroboto wanamtembea tumboni, na nyuma anavuja. Nimeishi na viumbe hawa muda wa kutosha kuona kwamba kimya hiki ni dhuluma, na leo nakusudia kuiondoa.

Nianze na nasaba, maana huku mtu huulizwa ukoo kabla ya kupewa kiti. Huyu ni jamaa wa simba. Mkoa wetu wa Simiyu unapakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako wageni hulipa dola kumwona ndugu yake amelala chini ya mgunga, nzi wamemjaa usoni. Wangu naye amelala, nzi wamemjaa usoni, na kiingilio ni bure. Wazee wake, paka pori, waliingia urafiki na binadamu huko Mashariki ya Kati miaka kama 10,000 iliyopita, watu walipoanza kuweka nafaka ghalani na panya wakafuata harufu. Kisiwani Kupro wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kaburi la miaka ipatayo 9,500, mtu na paka wamelazwa jirani. Sijui ni koo ngapi hapa Bariadi zinaweza kuonyesha kaburi la namna hiyo.

Pili, ni mkarimu: viroboto alionao huwagawa kwa nyumba nzima bila kuombwa. Tatu, hana ubaguzi: mkeka, madaftari ya wanafunzi na khanga mpya ya mama watoto, kwake vyote ni choo. Nne, ana msimamo. Amezaliwa katika nchi ya maziwa, ambako mtoto hunyweshwa mtindi kabla hajajua jina lake, lakini maziwa ya ng'ombe hayakubali hata kidogo. Tumbo lake haliwezi sukari iliyomo ndani yake. Ukimpa kibakuli kwa huruma, kwa saa chache atakurudishia kwa njia nyingine.

Lakini hizo ni sifa za kupita. Fadhila yake kuu, ambayo ingefaa isomwe redioni baada ya taarifa ya habari, ni usimamizi. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, na naapa sijapata kuongozwa hivi.

Msimamizi huyu hukagua kazi kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, sikukuu zikiwemo. Hana kikao. Hajaenda semina Dodoma. Hajapata kuniambia nije kesho kwa kuwa mwenye muhuri katoka. Saa nane ya usiku hutoa agizo kwa sauti nyembamba inayopenya bati, na agizo lake halihitaji ufafanuzi. Naamka. Kwanza namshika masikio na tumbo kuona kama ana joto, kwa sababu mtoto wa paka aliyepoa halishwi. Utumbo wake umelala na chakula kitaozea humo. Natia maji ya moto kwenye chupa ya soda, naizungushia kitambaa, naiweka ubavuni pake, nasubiri. Akishapata joto namlaza kifudifudi, si chali kama mtoto wa binadamu, maana akinywea chali maziwa huenda mapafuni. Kisha natumia bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone. Maziwa maalumu ya paka huuzwa madukani kwenye miji mikubwa. Sisi huku tunakorogakoroga tunachoweza, na anayeota meno huongezewa dagaa wa Busega aliyechemshwa bila chumvi na kusagwa mpaka akawa uji.

Hapo ukaguzi haujaisha. Mtoto wa paka wa chini ya wiki tatu hivi hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama yake humlamba nyuma mpaka haja itoke, na mama asipokuwepo kazi hiyo humwangukia mtumishi wa zamu. Nachukua pamba, nailowesha maji ya uvuguvugu, namsugua taratibu huku nikitazama pembeni kwa heshima. Wasomaji wa mkoa huu watanielewa. Kwa miaka na miaka tumeambiwa kwamba Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na kwamba tatizo letu ni kuiuza nje ikiwa ghafi badala ya kuiongezea thamani hapa hapa. Basi taarifa ninayo: kuna kiwanda kimoja Ngulyati ambako pamba ya Simiyu inapata matumizi ya mwisho, na kinafanya kazi saa ishirini na nne.

Kisha taarifa ya utekelezaji. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu kama 100 na anatakiwa kuongeza kumi hivi kila siku. Asipoongeza, mtumishi kazembea. Hatuna mzani wa gramu nyumbani, na ule wa pamba ungemwona kama vumbi. Kwa hiyo nampeleka dukani. Mwenye duka, mtu muungwana, hutandika gazeti kwenye sahani ya mizani, upande wa pili anaweka vijiwe, mgonjwa anaweka mkojo, na sote tunainama kusoma. Siku moja mteja aliyekuja kununua sukari aliuliza nyama hiyo inauzwaje. Akaangalia vizuri, akasema, "Mwalimu, pole," kwa sauti ile ile inayotumika misibani.

Fikiria utumishi wa umma ungeongozwa hivi. Barabara ikiharibika inapiga kelele saa nane ya usiku mpaka mhusika aamke. Faili likilala kwenye droo kwa saa tatu linachafua meza. Kila Jumatatu mtendaji anapandishwa kwenye mizani ya duka, watu wanaangalia kama kazi imeongezeka au imepungua. Nchi ingenyooka kabla ya mavuno.

Naona nimeanza kutaja watendaji, na hapa uvumilivu wangu unaanza kuvuja kama mgonjwa mwenyewe.

Nilikwenda duka moja la dawa za mifugo, jina nalihifadhi. "Ng'ombe wangapi?" akauliza kijana wa dukani, mkono tayari kwenye rafu. Nikasema ni paka, mtoto, ana viroboto. Akacheka, akamwita mwenzake aje acheke naye. Baada ya hapo akaniwekea mezani chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe: "Weka kidogo tu, mwalimu, kifuniko kimoja kwenye ndoo." Sasa hapa sitanii. Nyingi ya dawa hizo za kupe zina sumu ya jamii ya pirethroidi. Ng'ombe huivumilia, mbwa naye aghalabu huivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Hutetemeka, hushikwa na degedege, hufa huku mwenyewe akishangaa mbona kaweka kidogo tu. Panado ni vivyo hivyo: nusu kidonge kinachokutuliza wewe kichwa kinaweza kumuua paka mzima. Na wapo wanaomnyunyizia ile dawa ya wadudu wa pamba, kwa hoja kwamba kiroboto naye ni mdudu. Mtoto wa paka mwenye viroboto wengi hufa kwa kuishiwa damu, ni kweli. Dawa yake ya kwanza ni chanuo la meno ya karibu, maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, na subira. Hakuna anayeuza subira, kwa hiyo hakuna anayekushauri.

Nikampigia mtaalamu. Alinisikiliza hadi nilipotaja mgonjwa ni nani. "Mwalimu, una utani. Mwache afe, utapata mwingine."

Simlaumu peke yake. Naye analipwa kuhesabu vinavyohesabika. Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa hapa hapa Bariadi. Ng'ombe wakapangiwa chanjo ya homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri, na hereni masikioni ili kila mnyama ajulikane. Ni jambo jema. Mimi mwenyewe nina kuku. Mbwa naye alishapata wa kumtetea, tena mkubwa. Mwaka 1994 virusi vya distempa, maradhi ya mbwa, viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti, na baadaye mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wakaanza kuchanjwa. Paka huitwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu akiugua anaweza kutuuma sisi. Mafua yanayomgandisha macho, tumbo linalommaliza kwa siku mbili, hayo hayana siku wala kambi. Kanuni nimeishaielewa, nayo ni nyepesi: asiyeuzwa mnadani haugui. Akionekana anaugua, ni utani.

Sheria ipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inasema ukatili kwa mnyama ni kosa, na haikuandika "isipokuwa paka". Ila sheria haiokoti mtu jalalani.

Na hawa wangu walitoka jalalani, nyuma ya gulio, ndani ya kiroba. Wanafunzi ndio walioniletea. Wakubwa husema, "Sijawaua, nimewaachia Mungu." Kiroba kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili, tena lile fundo la kufungia magunia ya mpunga lisilofunguka hovyo. Mtu aliyetaka Mungu awaone angeacha mdomo wazi! Ukitaka kuua, ua, na dhambi yako uibebe mwenyewe. Usimpe Mungu kazi halafu ukamfungia mlango.

Na isisemwe kwamba hatujui njia nyingine. Sisi ni watu wa maksai. Dume la ng'ombe la kukokota plau huhasiwa bila makelele, na koleo la burdizo linajulikana kuliko stetoskopu. Paka jike hubeba mimba ya miezi miwili hivi, na anaweza kushika nyingine kabla hajaachisha hii. Kumfunga kizazi ni kazi fupi kwa daktari wa mifugo aliyefundishwa, na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kinawafundisha. Lakini afike kijijini kwa ajili ya paka, ampelekee nani bili? Kwa hiyo tunahasi kinacholima, na kinacholinda ghala tunakitia kirobani kila msimu.

Maana analinda, na hilo ndilo linalonichoma. Mkataba wa ghala haujabadilika tangu zama za yule wa Kupro: wewe mlishe kidogo, yeye atakula panya. Mavuno yakiingia ndani, wale wale ambao Machi waliniambia nyumba yangu inanuka huanza kunisalimu kwa mbali. Wiki iliyopita alikuja mmoja, baba mtu mzima, kavua na kofia.

"Mwangaluka, mwalimu. Nasikia vile vipaka vyako vimepona."

Nikamwambia vimepona, tena kimoja jana kimekamata mjusi.

"Basi naomba kamoja. Panya wananimalizia mpunga. Nikiweka sumu, wanakufia darini, nyumba haikaliki."

Nikamwambia sina kinyongo, jirani ni jirani, na masharti yangu ni mawili. La kwanza, jike akikua tutachanga wote tumlete daktari kutoka mjini, na wenye maghala makubwa watachanga zaidi. Akakubali haraka, kama watu wanavyokubali michango. La pili, asije kumchukua mikono mitupu. Aje na kiroba chochote cha nyumbani kwake na kipande cha kamba, akae hapa barazani anifungie fundo mbele ya wanafunzi, tulione.

Amesema atamtuma mkewe.