Hapo Tu, Ukipanda Kidogo

Anza na kamati. Mapumziko ya kulala siku mbili Lushoto si jambo la kufanywa na mtu mmoja mwenye akili timamu. Fungua kundi la WhatsApp, chagua mwenyekiti, chagua mweka hazina, kisha subiri wiki tatu watu watumiane picha za maua na salamu za Ijumaa njema. Wiki ya nne atajitokeza mmoja, kwa kawaida shemeji wa mtu, ambaye alishawahi kufika. Huyo ndiye atakayewahakikishia kwamba matembezi ya huko yote ni "karibu karibu tu". Mwaminini. Bila imani hiyo hakuna atakayetoa mchango.

Kwenye ratiba usibane kalamu. Andika kila jina la Usambara uliloonjeshwa na mtu yeyote: Irente, Magamba, maporomoko ya Soni, Vuga ya machifu wa Kilindi, na Mtae. Mtae usiisahau hata kidogo. Iko mwisho kabisa wa milima, kaskazini, pale ukisimama unaona nyika ya Mkomazi imelala chini yako kama mkeka. Wanaoiendea kwa miguu kutoka Lushoto hulala njiani, tena si mara moja. Wewe iweke Jumamosi alasiri, baada ya chakula.

Kuna hesabu moja nitakunong'oneza, ila usiipeleke kamatini. Basi linatoka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, alfajiri ya Ijumaa. Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Pale Mombo, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, joto bado ni lile lile mlilolikimbia. Kisha gari linaiacha barabara kuu na kuanza kupanda, kilomita 33 hivi za kona, mpaka mji ulio kwenye mita 1,400 hivi. Hapo ndipo chipsi mayai za njiani hudai kurudi zilikotoka, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, konda hana tena rambo la kukupa. Kila abiria hujitegemea. Mnafika alasiri, mmoja wenu ana rangi ya jani la mgomba. Jumapili asubuhi mnatakiwa muwe barabarani, kwa sababu Jumatatu ni kazi. Kulala siku mbili, basi, ni kuwa na siku moja. Ratiba yako ina matembezi matano.

Msimu usikuumize kichwa. Kamati itachagua Pasaka, maana ndiyo yenye likizo, na Pasaka kila mwaka huangukia masika. Wenyeji wanalijua hilo, mwenye hoteli analijua, na ule udongo mwekundu wa njia za Usambara unalijua kuliko wote: ukilowa unashika kiatu kama mdai. Ndiyo maana Lushoto ya Pasaka huwa na watu wengi barazani, wamejifunika mashuka ya hoteli, wanaitazama mvua waliyoilipia. Ukitaka njia kavu nenda Julai. Lakini Julai kuna baridi, na mtu wa Dar es Salaam akisikia neno baridi hufungasha kama anahamia. Mweka hazina wetu alikuja na masweta manne na soksi moja.

Nguo zenyewe ni suala jepesi. Nunua buti mpya, ngumu, za bei mbaya, na uzivae kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hiyo ya matembezi. Ifikapo saa tano kisigino kitakuwa kimeota lengelenge la ukubwa wa shilingi mia. Ndipo atakapokupita mama wa Kisambaa mwenye kandambili miguuni, mtoto mgongoni na tenga la kabichi kichwani, akikwambia "pole" bila kupunguza mwendo. Atafika gulioni, atauza, atanunua chumvi na mafuta ya taa, na atakupita tena akirudi. Ukimwona mara ya pili jifanye unapiga picha.

Kizuizi kikubwa cha matembezi, hata hivyo, si buti. Ni kiamshakinywa. Hoteli imeandika kwamba kinaanza saa moja na kwisha saa nne, na kwa kuwa kimo ndani ya bei, hakuna mwanakamati mwenye heshima atakayenyanyuka kabla ya saa nne na dakika tano. Kuna supu, kuna mihogo, kuna mayai ya kuagiza, kuna chai ya tangawizi isiyokoma. Ukungu wa asubuhi, ule ambao ungewapa kivuli mkipanda, unawasubiri, unachoka, unaondoka zake. Saa nne na nusu jua limekaa sawa. Sasa mnaweza kuanza.

Na hapo ndipo mtakapouliza njia.

Niliyojifunza hapa yamenigharimu, kwa hiyo nitayaeleza taratibu. Kiswahili kina vipimo vya umbali ambavyo havimo kwenye kitabu chochote cha hesabu. "Hapo tu" ni nusu saa. "Hapo mbele" ni saa nzima. "Pale", ikisindikizwa na kidole, ni saa moja na nusu. Ikisindikizwa na midomo iliyochongoka, ongeza robo, kwa sababu mtu mwenyewe ameona ni mbali kiasi cha kutotaka kuchosha mkono. Kisha sikiliza irabu. "Paale" si sawa na "paaaale". Tukihamia kwenye "kule", mambo yamebadilika: kidevu kinainuka, sauti nayo inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo mahali panavyokimbia. Ukisikia "kuleeee" iliyofika kwenye sauti nyembamba ya mtoto wa kwaya, tafuta bodaboda.

Tulikuwa tunakwenda Irente, kwenye ule ukingo maarufu, kilomita tano au sita kutoka mjini. Wa kwanza tuliyemuuliza alisema "hapo tu". Baada ya dakika 40 wa pili akasema "pale mbele". Wa tatu, baada ya dakika 40 nyingine, akasema "kule", na sauti ilikwishaanza kupanda. Mwenyekiti akataka kujua inakuwaje tunakwenda mbele huku Irente inarudi nyuma. Shemeji akasema labda tunaulizia vibaya.

Hakuna aliyetudanganya. Anayesema "hapo tu" anapima kwa miguu yake, na mwanawe huipita njia hiyo kwenda shule na kurudi kila siku iendayo kwa Mungu. Vivyo hivyo na maneno mengine. "Ukipanda kidogo" maana yake utapanda. "Tambarare" huku ni mahali popote unapoweza kutua beseni lisibiringike. Usijaribu kukimbilia ramani ya simu: yenyewe inaona milima kwa juu, kama mwewe. Itakuonyesha nyumba iliyo umbali wa kilomita moja, na kweli utaiona, utasikia jogoo wake akiwika, utanusa hata maharage yake jikoni. Lakini kati yako na hayo maharage kuna bonde, na bonde la Usambara hulishuka lote kabla hujaanza kulipanda lote.

Jifunze salamu. "Onga mshi," unasema, mchana, kwa Kisambaa, na uso wa mwenyeji unachanua. Tatizo ni kwamba sasa ataamini unakijua. Sisi kwa usalama tulirudi kwenye shikamoo. Bibi mmoja, jembe begani, aliitikia marahaba, akauliza tunakwenda wapi.

"Tunatembea tu, bibi."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Hatuendi mahali. Tunatembea."

Akatutazama. Watu 14 wa mjini, mikono mitupu, mwendo wa polepole, nyuso zimekunjamana, mmoja anachechemea. Akashusha jembe.

"Poleni sana, wanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Amefariki nani?"

Kwa hiyo kwenye maandalizi yako weka jibu la swali hilo. Sisi hatukuwa nalo, na shemeji, aliyekuwa hoi, alikuwa ameshaanza kusema "baba mdogo".

Kuhusu chakula cha njiani, hoteli itakufungia yai la kuchemsha, ndizi, na mkate uliobanwa na kitu cha rangi ya waridi. Mtu mwerevu hali. Jirani na ule ukingo wa Irente kuna shamba la kanisa la Kilutheri linalotengeneza jibini, mkate mzito wa kahawia na jamu, na hili ndilo kaburi la ratiba nyingi. Sisi tuliingia kupumzika dakika kumi. Tulipotoka, Soni, Vuga na Mtae vilikuwa vimefutwa kwa kauli moja, bila hata kupiga kura, na mweka hazina alikuwa anauliza kama kamati inaweza kununua ng'ombe.

Ila ukifika ukingoni kaa kimya kidogo, hata kama wewe ni mtu wa kejeli. Ardhi inakatika. Kiasi cha mita elfu moja chini yako ni Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama kichwa kilichosukwa, barabara kuu imekuwa uzi, na malori hayana sauti. Ile reli ya Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Mombo mwaka 1905, inapita huko chini huko. Wao ndio waliouita mji wa Lushoto Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kumtukuza mfalme wao, na wakawa wanapanda huku kulikimbia joto la pwani. Kumbe hata hii ya kuja kupunga upepo na kula jibini hatukuibuni sisi.

Walibeba vitu pia. Mwaka 1892 ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina lake: Saintpaulia. Leo limekaa kwenye madirisha ya mabibi wa Ulaya nzima, na Wajerumani bado huliita kwa jina la Usambara. Porini linapenda miamba yenye kivuli na unyevu. Utalipita. Utakuwa unajipiga picha na mkaratusi.

Ikiwa Magamba imenusurika kwenye ratiba yako, ujue kwamba ni hifadhi ya msitu wa asili iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kuna kiingilio, na inafaa kuwa na mwongozaji. Kamati ikijadili kiingilio kwa dakika 40 getini ni kawaida. Ndani ya msitu kuna mbega, kima yule mwenye joho jeupe mabegani kama hakimu. Ili umkose hakikisha mmebeba spika ya muziki. Jina lake linakaribiana mno na la Mbegha, yule mwindaji aliyefukuzwa kwao Nguu kwa kuwa kigego, akaja Usambara na mbwa wake, akagawa nyama, akaua simba, wakamtawaza Vuga. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika *Habari za Wakilindi*. Huyo ndiye mgeni aliyefaidi matembezi ya milima hii kuliko wote, nami naona siri yake ni kwamba hakuja na hoteli aliyoilipia.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa miaka kama 20, mikono nyuma, anatembea kama anakagua shamba lake. Alisimama ghafla, akanyoosha kidole kwenye tawi ambalo shemeji alikuwa ameliegemea. Kinyonga. Usambara wapo madume wenye pembe tatu puani, na huyu alikuwa nazo zote, jicho moja linamtazama shemeji, la pili linatazama kwingine, kama mtu asiyetaka kuhusishwa. Shemeji alifika getini kabla yetu sote. Huo ndio mwendo mkali pekee uliorekodiwa katika safari nzima.

Jambo la mwisho la kupanga ni kurudi, na watu hulisahau. Jua la huku huzama saa kumi na mbili jioni na kitu, halisubiri mwenyekiti, na giza la mlimani halina jioni ndefu. Basi weka noti mbili za akiba ndani ya soksi, bila kumwambia mweka hazina, kwa ajili ya bodaboda. Mimi zangu nilizitumia kwa mshikaki: dereva, mimi, na mwenyekiti nyuma yangu akiwa ameshika buti zake mkononi. Kwenye taa tukampita mama wa kabichi, tenga tupu, anakwenda kwa kasi ile ile. Mwenyekiti akageuza uso upande wa bonde.

Jumapili basi lilisimama Soni. Wauzaji walilizunguka, madirisha yakafunguka, na watu ambao jana walishindwa kubeba chupa ya maji wakaanza kununua kama kuna njaa inakuja. Tulishuka Mbezi usiku, mvua inanyunya, bodaboda wote wapo upande wa pili. Mwenyekiti alikuwa na kabichi sita, karoti debe zima na nusu gunia la viazi mviringo. Aliliweka gunia kichwani, akashika kabichi kwapani, akavuka stendi yote kwa miguu, malengelenge na yote, bila kupumzika hata mara moja. Mtu mmoja getini akamuuliza anakwenda wapi na mzigo wote huo.

"Hapo tu," akasema.