Cheti cha Tabasamu

Siku hizi kuna mashine ya kupima upole, subira na usikivu wa mwombaji kazi. Unakaa mbele ya kamera, unajibu maswali, akili mnemba inakutolea alama. Haina upendeleo, tunaambiwa. Haimjui hata mjomba wako. Hapo kweli tumepiga hatua, maana Kwale mjomba ndiye cheti cha kwanza.

Ila wapimaji wangepita ufuoni Diani adhuhuri moja. Muuza leso humsalimu mgeni kwa Kijerumani, akiona jicho halijacheka huhamia Kiitaliano, na kabla hajakunjua leso ya pili keshajua nani kagombana na mkewe na pochi anashika nani. Askari wa hoteli kamfukuza mara mbili tangu asubuhi, naye kamjibu, "Ahsante, kaka." Hana cheti, kwa hiyo hana ujuzi.

Haya, mketisheni mbele ya kamera. Kalelewa asimkazie mkubwa macho. Mashine itaandika: hajiamini.

Kampuni ya HireVue ya Marekani, iliyokuwa ikichambua nyuso za waombaji kazi, ilitangaza Januari 2021 kwamba imeacha. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025, umepiga marufuku mitambo ya kusoma hisia kazini, isipokuwa kwa tiba na usalama. Nasi Kenya tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: una haki ya kukataa uamuzi mzito uliotolewa na mtambo peke yake. Kaidai basi pale mapokezi. Ukibishana sana, utakatwa alama za subira.