Mafuta Mabaya, Bei Nafuu

Matangazo ya simu yanafanya kazi. Nalisema mapema kwa sababu wenzangu wa soko la Tunda, huku kwetu Maniema, Kongo, wanapenda kudai kwamba Facebook ni mchezo wa vijana wa Kindu wasio na mashamba. Yanafanya kazi, tena kupita kiasi. Tangazo hufika Kindu kabla hujateremka kwenye kichuguu. Bidoni ya mawese itafika lini, hilo umuulize msukuma baiskeli.

Kichuguu nakitaja kwa heshima, maana ndicho ofisi yetu. Kiko nyuma ya miembe. Ukipanda juu yake ukaelekea upande wa Kibombo, rezo huonekana: kijistari kimoja, au viwili siku isiyo na mawingu. Asubuhi utakuta foleni: mwalimu anayesubiri habari za mshahara, kijana anayembembeleza msichana wa Lubumbashi kwa sauti tunayoisikia sote, na mimi na picha zangu za mawese. Mwaka 2019 ulipoanza, serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu siku 20 baada ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018. Kinshasa watu walipiga kelele. Sisi tulihamia kichuguu kingine, tukidhani kosa ni la mchwa.

Wazo la kuuza kwa simu alilitetea mtoto wa dada yangu tangu siku aliyorudi kutoka Kindu, suruali imechanika magotini na kichwa kimejaa maarifa. "Mujomba," aliniambia, "batu ya leo banauzisha mu simu. Weye unaikala tu na bidoni." Nikamjibu kwamba biashara yangu inajulikana: Jumapili matangazo husomwa baada ya ibada, na kabla jua halijazama hata waliolazwa katika hospitali ya Wamethodisti wanaijua bei. Akanitazama kwa huruma. Jioni hiyo ukurasa ulikuwa umefunguliwa, jina lake Mali ya Tunda. Mtu wa kwanza kuandika alikuwa wa Mombasa. Alitaka kujua ni tunda gani, na kama tunalisafirisha hadi Dubai.

Umaarufu uliletwa na tangazo la pili. Simu ya mpwa wangu, kama simu nyingi za nchi hii, imewekwa Kifaransa, na ina tabia ya kusahihisha wakubwa. Yeye aliandika mawese. Simu ikaona amekosea tahajia, ikaweka mauvaise. Kwa hiyo Maniema yote ikasoma kwamba kuna mtu Tunda anauza mafuta mabaya, lita 20, bei nafuu, karibuni wote. Tulipogundua tulikuwa tumesharudi nyumbani na giza limeingia, na kufuta tangazo kunahitaji rezo ileile iliyolipeleka.

Kesho yake maoni yalikuwa yamefurika. Mmoja aliandika: "Hatimaye, mfanyabiashara mkweli." Mwingine aliuliza kama tunayo mabaya zaidi kwa bei ya chini zaidi. Mama mmoja wa Kasuku, anayekaanga ndizi kandokando ya barabara, aliagiza bidoni mbili papo hapo. Hoja yake: amenunua mafuta "mazuri sana" kwa miaka, yote yakiwa na maji, huyu anayejitangaza mbaya huenda ana kitu. Mpwa wangu alitaka kusahihisha tangazo. Nikamkataza.

Kisha tukaingia WhatsApp, na huko ndiko nilikoumia. Picha, alisema mpwa, inataka wingi. Akakusanya bidoni za majirani, nyingi zikiwa tupu, akazipanga ukutani na kunisimamisha mbele nikiwa nimevaa koti langu la harusi. Akaiweka kwenye stetasi. Stetasi hudumu saa 24, halafu hujifuta. Saa hizo hazikumtosha mteja hata mmoja. Baba mkwe zilimtosha.

WhatsApp ina adabu mbaya ya kukuonyesha majina ya walioangalia. Jina la mzee lilikuwa juu kabisa. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Mtu anayedaiwa mbuzi wa mahari tangu mtoto wake wa kwanza hajaota meno anajua jinsi neno "anaandika" linavyokausha koo. Mwishowe ujumbe ukaingia: "Mukwe, naona Mungu amekubariki sana." Hapo utajibu nini? Ukikana baraka unamkufuru Mungu, ukiikubali, mbuzi. Waliondoka wiki hiyohiyo kwa miguu yao wenyewe, na katika historia ya biashara yangu ndio mzigo pekee uliofika kwa wakati.

Sasa mteja wa Alunguli. Huyu alikuwa mteja wa kweli, akatuma nusu ya pesa kwa simu, ikaingia kabla sijamaliza kumshukuru. Mafuta yakafungwa kwenye baiskeli. Baiskeli za mizigo huku hazipandwi, zinasukumwa: usukani umefungiwa gongo refu ili mtu aongoze akitembea pembeni, na mwingine anasukuma kwa nyuma penye mlima. Hivyo hadi Kibombo, kungojea treni kwenye reli ya Kindu na Kongolo ambayo Wabelgiji waliijenga zaidi ya miaka 100 iliyopita. Treni isipoonekana, gongo linaendelea kaskazini. Ukifika Kindu bado, kwa sababu Alunguli iko ng'ambo ya Lualaba: teremsha mzigo, tafuta mtumbwi, patana na mwenye mtumbwi.

Mteja yeye aliona jambo moja tu, kwamba sijibu. Aliandika "Imefika wapi?" Kisha akaandika alama ya kuuliza peke yake. Kisha tatu. Huku mvua ilikuwa ya radi, na mwenye akili hapandi kichuguu akiwa na simu mkononi wakati wa radi. Mvua ilipokatika nilipanda nikakuta picha yangu, ile ya koti la harusi, imeandikwa juu yake JIHADHARINI NA TAPELI, na WhatsApp imeongeza kwamba imesambazwa mara nyingi. Nilitumiwa na kikundi cha kwaya, ambamo mimi mwenyewe ninaimba besi.

Mafuta yalifika, hakuna tone lililomwagika. Mteja alituma sauti ya kuomba radhi, akasema mawese ni matamu, lakini hakumbuki vikundi vyote alivyoipelekea ile picha. Baki ya pesa aliituma mkononi kwa msukuma baiskeli: noti ya dola 20 yenye mpasuko usiozidi ukucha. Mkongomani yeyote anajua maana yake. Noti hiyo inakaa ndani ya Biblia yangu, na hadi leo hakuna muuza duka aliyekubali kuitazama mara mbili.

Tangu hapo oda zinakuja kwa namna moja. "Wewe ndiye yule tapeli? Nasikia mawese yako ni mazuri. Bei gani?"

Basi unayetaka mawese ya Tunda, andika. Nitajibu radi ikinyamaza. Lete noti nzima, hesabu baiskeli, treni na mtumbwi kabla ya kuweka alama ya pili ya kuuliza, na kama lazima usambaze picha, sambaza ya bidoni.