Gari Linalopona Likimwona Fundi

Hapa Dar es Salaam, ukitaka kujua mji una mafundi magari wangapi, usihangaike kwenda VETA. Fungua boneti barabarani, kisha uhesabu.

Carina yangu ya mwaka 1998 ilikuwa haina neno ikiwa baridi. Ikishapata moto tu, inamisi. Na pahala palipoikolea kuliko pote ni foleni ya Barabara ya Morogoro, ukitoka Kimara kwenda Ubungo, mabasi ya mwendokasi yakinipita kando na abiria waliosimama, wamebanana, wakinionea huruma mimi niliyekaa. Usukani unatetemeka, mlio unapanda na kushuka, ukikanyaga mafuta injini inakohoa. Mwenye bodaboda akasema plagi. Muuza karanga akasema koili, tena akataka kunionyesha ilipo. Trafiki akasema nisogee pembeni, na kusema kweli siku ile ndiye peke yake aliyekuwa na uhakika na alichokisema.

Kesho yake asubuhi gereji, gari limelala limepoa, linanguruma kwa adabu kama mtoto aliyesikia habari za sindano. Fundi wa kwanza alileta mashine ya kupimia. Mashine ikagoma kuongea na Carina. Magari mengi ya soko la Japani ya miaka ile hayaelewani na mashine hizi za siku hizi. Hakukata tamaa. Akaunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha kupimia kilicho chini ya boneti, taa ya injini ikawa inapepesa mfululizo bila kupumzika. Maana yake kompyuta haijaona kosa.

"Bosi, gari zima."

"Mbona linatetemeka?"

"Labda ni barabara."

Jirani yangu, mstaafu asiyemiliki hata baiskeli, alikuwa na msimamo wake: mafuta. Kila jioni ananiuliza nimejaza kituo gani, anatikisa kichwa kabla sijajibu.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja Tabata. Baada ya shikamoo akaniambia hataki kuliona gari hilo likiwa baridi. Nikazunguke nalo mpaka liugue, kisha niingie nalo hivyo hivyo, nisizime. Nilipoingia nalo likichechemea, wateja wengine wakasogeza viti. Akachomoa soketi ya nozeli ya kwanza, injini ikayumba. Akairudisha, akachomoa ya pili, ikayumba. Ya tatu, hamna. Injini haikujua hata kama imeguswa. Plagi ya silinda hiyo ilitoka kavu kabisa, haijaonja petroli. Akachukua bisibisi ndefu, ncha juu ya nozeli, mpini sikioni, halafu akanipa na mimi. Moja, mbili na nne: tik tik tik. Tatu, kama imefiwa. Akachomeka taa ndogo kwenye soketi yake, ikapepesa. "Amri inafika," akasema, "anayeamriwa ndiye hasikii."

Mita ikamaliza ubishi. Nozeli za aina hii zikiwa baridi husoma ohmu 14 hivi. Yangu, ikiwa bado ya moto, haikusoma chochote. Tukanywa chai, nozeli ikapoa, ikasoma 14 bila aibu. Ule waya mwembamba wa ndani ulikuwa umekatika: ukipata joto unaachana, ukipoa unagusana.

Bei ya nozeli mpya ilinifanya nitazame viatu vyangu, kwa hiyo tukaenda Shauri Moyo, kwenye spea za mtumba. Kijana akachagua moja kwenye fungu, akaigusisha betri: tik! "Unaisikia, bosi? Imetoka kwenye gari inayotembea." Spea zote za pale zimetoka kwenye magari yanayotembea; sijui nani anayasimamisha. Mzee akamwambia hata mbovu yetu ikiwa baridi inalia vizuri. Akaenda kwa mama ntilie jirani, akaomba sufuria ya maji yanayochemka, akaitia nozeli kwenye mfuko wa nailoni, miguu ya umeme imechungulia nje, akaizamisha. Watu wakajaa. Mita ilianza vizuri, ikapanda kidogo, halafu namba zikapotea. Ugonjwa uleule!

"Maji yako ya moto mno, mzee," kijana akalalamika. "Hata mtu angezimia."

Ya pili ikazama, ikafika 16, ikatulia hapo hapo. Tukalipa. Mama ntilie naye akadai bei ya vikombe kadhaa vya chai, maana maji yaliyochemshia chuma amuuzie nani?

Kufunga hakukuwa na kisa. Mzee alitoa fyuzi ya pampu, akawasha injini mpaka ikazimika yenyewe ili presha ya mafuta iishe, akatoa waya wa betri, akalegeza boliti za reli. Oringi zote akaweka mpya, akizilowesha petroli kwanza zisichanike. Hapo ndipo bwana mmoja alipokuja na sigara mdomoni kuuliza kulikoni, akajibiwa neno ambalo gazeti halichapi.

Nilipita Ubungo saa kumi na moja jioni, foleni imeganda, jua kali, injini kimya. Nyumbani nikamweleza jirani yote: waya, joto, sufuria. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo nozeli inapitisha nini?"

"Mafuta."

"Nilikuambia tatizo ni mafuta."