Ukija Bunia na Kinasa Sauti

Kama umekata shauri kusomea uchambuzi wa mazungumzo, waage ndugu zako mapema, kwa sababu hutakuwa tena mtu wa kupiga naye soga. Mama atauliza, "Ulishakula?" nawe, badala ya kujibu, utakaa ukipima ukimya uliopo kati ya swali lake na mdomo wako. Bugali itapoa. Mama atarudia swali kwa sauti ya juu, na wewe utafurahi, maana umepata data.

Halafu kuna taabu ya jina. Dar es Salaam watakuambia unasoma kilongo, Nairobi watasema ni usemi. Hapa Bunia, Kongo, utasema diskuru, kwa kufuata Kifaransa, na mjomba ataelewa kwamba unasomea kutoa hotuba, kwa hiyo kwenye harusi ijayo utapewa kipaza sauti. Kipokee tu. Kueleza kunachukua muda mrefu kuliko hotuba yenyewe.

Wazee wa fani hii ni Wamarekani watatu: Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson. Mwaka 1974 walichapisha makala mashuhuri katika jarida la Language wakionyesha kwamba mazungumzo huenda kwa zamu: kwa kawaida anasema mmoja, anayefuata anadaka, na pengo kati yao ni dogo mno. Makala hiyo isome nyumbani. Usiisome penye kituo cha bamotari, waendesha pikipiki, kwenye Boulevard de Libération, ambako watu sita wanasema kwa mpigo na kila mmoja anajibiwa.

Mimi niliisoma pale pale, nikaamini nimewaangusha Wamarekani. Nikarudi na rekodi yangu nikaanza kuiandika, na kila dakika moja ya sauti ikala zaidi ya saa nzima, ukiachilia mbali betri. Nilipomaliza nikakuta wale sita walikuwa na mazungumzo matatu yaliyopandana: mteja na dereva walibishania nauli, wawili walisimuliana habari za mpira, na wengine wawili walidaiana. Kila jozi ilikwenda zamu kwa zamu, kwa adabu ambayo sijaiona kwenye mkutano wowote wa wasomi. Wenyewe wazee walikuwa wamesema kwamba penye watu wengi mazungumzo hupasuka vipande. Sikuwa nimefika ukurasa huo.

Alama za kuandikia ni za Jefferson. Sauti zikipandana, weka mabano ya mraba. Silabi ikivutwa, nukta pacha. Ukimya, namba ya sekunde ndani ya mabano. Kwa msonyo wa mama muuza samaki itabidi ujitegemee. Na upime urefu wake: mfupi maana yake "ongeza kidogo", mrefu maana yake "nenda zako".

Usije ukadhani simu ni rahisi zaidi. Sacks alianza safari yake miaka ya 1960 huko Los Angeles, akisikiliza simu za kituo cha kuzuia watu kujiua. Akagundua kuwa mpokeaji akijitaja jina, mpigaji naye hutarajiwa kulitaja lake, na asiyetaka hutafuta mlango wa kutokea, kwa mfano kusema kwamba hasikii vizuri. Bunia hatuhitaji kusingizia mtandao. "Alo, ni nani?" "Ni miye." Jibu limekamilika, zamu imerudi, na wewe bado hujui umkaribishe nani au unadaiwa na nani.

Mwaka 2009 kundi la watafiti lilipima mapengo ya maswali na majibu katika lugha kumi za dunia, ikiwemo moja ya Namibia. Wajapani walikuwa wepesi kuliko wote, Wadenmark wazito kuliko wote, na wastani ulikuwa kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kiswahili hakikuwemo. Kabla hujakimbilia kuziba pengo hilo, kumbuka kwamba Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya gavana mwanajeshi, na kijana anayeelekeza simu kwa watu wanaoongea huulizwa swali moja tu: "Nani alikutuma?" Pengo baada ya swali hilo lisizidi ile sehemu moja ya tano. Beba barua ya chuo. Muhuri uwe mkubwa, kwa sababu husomwa kabla ya maneno.

Barua ninayo. Nikaenda sokoni kurekodi bei zinavyopatanwa, nikaomba ruhusa kwa mama mmoja anayeuza samaki wa Kasenyi, akakubali, nikaweka simu kando ya sinia. Mwanaisimu William Labov alishatuonya miaka ya 1970 kwamba tunataka kujua watu husemaje wasipotazamwa, na hatuna njia ila kuwatazama. Mama akafunga kitambaa upya, akaketi wima.

"Ndugu mteja, samaki huyu bei yake ni faranga elfu kumi na tano."

Jirani yake akaangua kicheko: "Mama iko nasoma habari ya Radio Candip!"

Nikanasa dakika ishirini za Kiswahili cha mimbarini. Mama yule ambaye kila siku husema "miye najua hapana" siku hiyo alisema "sijui", tena mara nne. Hakusonya hata mara moja. Mwishowe nikazima simu nikaitia mfukoni.

"Ulishamaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Bon. Leta elfu nane, na ile kadogo ni matabishi. Lakini hii usiandike."